Arum za Masika

Nilipokuwa mutoto, huko Kyavinyonge, kiboko alitoka ziwani akaingia mu bustani ya muke wa mwalimu wa kanisa, akalala ndani. Hakula kitu. Alilala tu, kiisha akarudi mu maji. Asubuhi tulikuta maua yote mekundu ya yule mama yamelala chini kama mukeka, na yeye mwenyewe amekaa katikati, miguu mbele, analia. Bamama balikuwa banapasua samaki kando ya maji. Bakaacha visu, bakaja kuangalia. Mumoja akamuuliza: “Mama Mwalimu, ameacha mihogo yako yote, hakugusa hata jani. Unalia nini? Mafleur?” Akajibu: “Mihogo naweza kukuomba weye. Hii nitamuomba nani?” Balicheka mpaka bakashika mbavu. Na miye nilicheka. Kwetu udongo ulikuwa wa kulisha batu. Maua yalikuwa jambo la misioni na la makaburi. Nilifikiri yule mama anaumwa kidogo mu kichwa.

Sijui vizuri kwa nini nimeanza na kiboko. Nilisoma mpaka ya tatu primaire tu, na kalamu yangu inakwenda kama mbuzi, inakula huku, inakula kule, mutanivumilia. Mais nafikiri ni juu ya kile kilio. Nilikaa miaka mingi bila kuona tena mutu analilia maua, na siku nilipoona mara ya pili, kiboko alikuwa miye.

Kilichonirudisha kule ni mama mumoja mwenye kununua samaki, anashuka huku kila wiki toka Butembo. Wiki iliyopita alikuwa amekaa ku mulango wangu, anangojea mitumbwi, anakula karanga, anazungumuza tu. Akasema: “Papa Kambale, unajua kama Mama Robe wa Bulengera amekufa? Yule wa kuazimisha bamariée robe nyeupe za arusi. Balimuzika na maua, sijaona hivyo hata kwa bwana mukubwa.” Nikauliza amekufa na nini. Akasema uzee. Kiisha akaongeza kama kuko muke mumoja, nywele nyeupe, alifukuza batu bote mu chumba, akafunga mulango, akavalisha maiti yeye peke yake, na hakutaka mutu amusaidie hata kifungo. “Ulimujua Mama Robe?” akaniuliza. Nikasema kidogo. Nilikula ku meza yake mwaka muzima, na nikasema kidogo. Jina la yule muke wa nywele nyeupe sikuuliza. Niliendelea kushona wavu, na nilishona vibaya, ikabidi nifungue yote.

Mwaka ule ninaosema, ile vita ya pili ya Kongo ilikuwa imeishaingia. Ziwani askari balikuwa banachukua samaki, banachukua mutumbwi, siku ingine banachukua na mwenye mutumbwi, donc nilipanda mulima, nikafika Bulengera, mutaa wa Butembo, na nguo nilizovaa tu. Nilikuwa na miaka makumi mbili na tatu. Mama Robe alitafuta mutu wa kulima bustani, na miye nilisema najua kulima. Sikujua. Jina lake lilikuwa Katungu, mujane, muke mufupi mwenye sauti ya kuita batu toka kilima kingine. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, vyumba vitatu, na chumba cha mbele hakikuwa cha batu. Kilikuwa cha robe. Zilitundikwa ku kamba, kila moja imefunikwa na shuka, zimenyamaza kabisa, na siku ya kwanza nilipofungua ule mulango nilisalimia, juu nilifikiri ni bamama banaomba. Jiko lilikuwa mbali, chini ya muparachichi, juu moshi unaharibu nyeupe. Tulikula inje, chini ya bati, hata mvua ikinyesha, na kabla ya kuingia ndani ulinawa na ndimu. Bugali, sombe, maharagi. Siku ya sikukuu mchele. Mama Robe alikuwa anasema na mukono mu sahani: “Mafuta iko adui. Askari anaiba robe moja. Mafuta inaiba zote.”

Bustani ilikuwa nyuma, inashuka mpaka ku mufereji ambapo maji ya kufulia yalikuwa yanapita. Kule njo kulikuwa arum, yale maua meupe kama kikombe, na kidole cha njano ndani. Hayapendi mahali pakavu. Yanapenda maji machafu, yanapenda matope, na yanatoka meupe kuliko robe; hilo lilinishangaza mwaka muzima na linanishangaza mpaka leo. Arum haikatwi na kisu. Unashika shina chini kabisa, unazungusha kidogo, unavuta polepole, inatoka na mulio mudogo kama mutu anabusu mutoto. Ukikata na kisu, kile kinachobakia kinaoza, na mwaka unaofuata hauna kitu. Konokono unazizuia na majivu. Hortensia, Mama Robe alikuwa anazika misumari ya kutu chini yake ili zigeuke bluu. Haya yote nilifundishwa na Masika, si na Mama Robe.

Masika alikuwa na miaka makumi mbili na moja. Kazi yake kwa Mama Robe ilikuwa kuvalisha bamariée. Mariée anakuja munene, anakuja mwembamba, robe iko moja. Masika anapunguza huku, anafungua kule, anaweka pini, na robe inakuwa kama ilizaliwa naye. Pini alikuwa anazishika mu midomo, na alikuwa anasema nazo mu midomo, na hata kucheka. Miye aliniita Muvuvi. “Angalia Muvuvi! Analeta maua kichwa chini kama tilapia! Utatuuzia ya kilo ngapi, Muvuvi?” Nilikuwa naona haya, kiisha nikaanza kuyashika kichwa chini makusudi, ili aseme. Ilianza hivyo. Kabla ya mavuno ya kahawa, mbuzi zangu za mahari zilikuwa zimeishafika kwa bajomba wake, na tarehe imeishawekwa mu daftari ya kanisa.

Robe yake alikuwa ameishaichagua zamani, mbele hata ya kunijua. Ilikuwa ya mikono mirefu, bila mapambo mengi, na nyuma vifungo vidogo vidogo makumi mbili na viwili, toka shingoni mpaka kiunoni. Hakuna mutu anaweza kujifunga mwenyewe vifungo vile. Aliniambia siku moja, tunamenya viazi: “Kila posho naamuka, nafunga vifungo vya mutu mwingine. Sitaki kitu ingine, Kambale. Nataka siku moja miye njo nisimame, ninyamaze, na mutu anifunge.” Posho njo siku ya arusi kwetu, samedi, jumamosi. Nikamuambia nitamupandia arum zake mwenyewe, mustari mupya, kando ya mufereji, na hakuna mariée mwingine atakayezigusa. Nikafanya hivyo. Kuko siku askari balikuja kutafuta maua ya arusi ya mukubwa wao. Mumoja akapiga kelele: “Papa, fololo iko wapi? Tuko na libala!” Nikabapa dahlia, nikabapa rose, nikabapa mpaka bougainvillea ya lupango. Ule mustari nilikuwa nimeufunika na majani ya ndizi. Nilidanganya askari wenye bunduki juu ya maua, na sauti haikutetemeka. Mukumbuke hilo.

Sasa lazima nieleze jambo la voile, juu batoto ba leo hawatalielewa. Mu kanisa yetu, binti ambaye hajajua mwanaume alikuwa anaolewa siku ya posho, na robe nyeupe, na voile, kile kitambaa chepesi cha kufunika uso, na maua, na kwaya inaimba njia yote. Yule mwingine alikuwa anafunga ndoa siku ya mardi, jumanne, asubuhi, na kitenge, kichwa kimefungwa kitambaa, bila hata ua moja, bila kwaya. Haikuandikwa popote. Mais ukipita barabarani mardi na uone mariée wa kitenge, ulikuwa unajua, na jirani yako anajua, na batoto bake watajua. Bazee ba kanisa balikuwa banaita mume na muke, kila mumoja peke yake, na banauliza. Njo hivyo tu. Banauliza na unajibu.

Mwezi mbili mbele ya arusi, Mama Robe alimutuma Masika apeleke robe kwa mariée mumoja Beni. Alipanda camion asubuhi, robe mu sachet kubwa, imekunjwa na magazeti. Alipaswa kurudi siku ya pili. Alirudi siku ya ine, na miguu. Nilikuwa namwagia maji. Nikamuona anasimama ku pembe ya nyumba, sachet mu mikono yote miwili, ameishika kama mutu anashika mutoto aliyelala. Akasema: “Balitusimamisha ku barrière ya askari. Wanaume balibaambia bakae chini. Siye balitupitisha nyuma.” Kiisha akasema: “Robe habakuigusa. Angalia. Iko safi.” Akaifungua palepale, akaikunjua mbele yangu, akanionyesha pindo lote, mbele na nyuma, na ilikuwa safi kweli.

Nilimuambia nitamuoa vilevile. Hilo nililisema, na nilikuwa namaanisha. Mama Robe hakuuliza kitu. Alimuona akitembea, akajua. Alichemusha maji, akamuogesha kama mutoto, na saa ya kula akasema na siye wawili: “Bazee batabauliza. Mutasema hapana. Weye hapana, na weye hapana. Kiisha mutaingia ku kanisa. Mumenisikia?” Masika akasema ndiyo, mama. Na miye nilisema ndiyo, mama.

Balituita siku ya jeudi, alhamisi, alasiri. Chumba cha bazee kilikuwa nyuma ya kanisa, benchi mbili, meza yenye kitambaa cha kusuka, chai mu vikombe vya bati na viazi vitamu mu sahani. Walikuwa batatu: pasta, ambaye aliandika, muzee mukubwa wa kanisa, mutu wa sauti laini aliyenipa siku moja mbegu za dahlia mu karatasi, na Mama Shemasi, anasuka fulana ya mujukuu. Masika aliingia wa kwanza. Nilikaa inje ku jiwe, nikasikia sauti yake kupitia mbao. “Hapana, papa.” Mara moja tu, bila haraka. Akatoka, akanipita, akanigusa bega.

Muzee akasema: “Kaa, kijana yangu. Kunywa chai. Kambale, mbele ya Mungu, kuko jambo lolote la kufanya huyu binti asivae voile?”

Niliangalia viazi. Nimejielezea jambo hili mara nyingi mu maisha yangu, kila mara tofauti. Kwanza nilisema: niliogopa kudanganya mu nyumba ya Mungu. Kiisha nilisema: nilifikiri batamuhurumia, nilifikiri haki iko wazi, binti alikamatwa na nguvu, nani atamuhesabia? Hayo yote yako ndani kidogo. Mais leo niko muzee, Mama Robe amekufa, nitaandika ile ingine. Nilitaka bajue kama miye njo yule mwanaume anayemuoa hivyo hivyo. Nilikuwa nimebeba lile jambo miezi mbili na hakuna mutu aliyenisifu.

Nikabaambia yote. Camion, barrière, siku ine.

Muzee alifuta macho. “Pole kwa huyu binti,” akasema. “Pole sana. Haiko zambi yake.” Nikapumua. Nikafikiri imepita. Mama Shemasi akashusha sindano zake, na uso wake haukuwa mubaya, alikuwa karibu kulia naye. Akasema: “Haiko zambi yake, njo. Mais voile iko ya bikira, hatukuitunga siye. Tukimuachia huyu, kesho batakuja kumi, na kesho kutwa kumi wengine. Mwaka kama huu? Tutabakiza nani?” Pasta alisimamisha kalamu, akaangalia dirisha, kiisha akaandika mardi. Muzee akasimama, akanishika mukono na mikono yake miwili: “Na weye, Kambale, uko mwanaume wa kweli. Bakijana kama weye habako tena.” Nilitoka mule nimefurahi. Nataka kuliandika hili neno polepole: nilikuwa nimefurahi.

Muke wa pasta njo alimupelekea Masika habari ya mardi, ku soko. Masika alirudi kazini kama kawaida. Alifikiri bazee balisikia kwa mutu wa camion. Aliniambia hivyo mwenyewe, na miye nilinyamaza, nikaendelea kuchanganya majivu. Posho iliyofuata kulikuwa mariée wa familia kubwa, na alichagua ile robe ya vifungo makumi mbili na viwili. Nilileta maua ku mulango. Mariée amesimama, Masika nyuma yake anafunga, pini mu midomo, na bashangazi wawili ba mariée banakunywa chai ya tangawizi ku dirisha na banasema kama batu banaosema mbele ya kiti. Habakumujua sura.

“Banasema kuko mumoja wa hapa hapa Bulengera, atapita mardi. Juu ya mambo ya barrière.”

“Eh, masikini. Nani alisema ku bazee?”

“Fiancé mwenyewe! Binti alikatala, mume akasema yote.”

“Akasema, na anamuoa?”

“Anamuoa! Mwanaume wa namna ile, utamupata wapi? Miye wangu hawezi hata kuniletea chumvi.”

Balicheka. Masika alikuwa amefika ku kifungo cha kumi na ine, ao cha kumi na tano, sikuhesabu vizuri. Aliendelea mpaka cha mwisho. Akatoa pini mu midomo, moja moja, akaziweka mu kiganja. Akamuambia mariée: “Umependeza sana, yaya. Nenda.” Kiisha akapita mbele yangu bila kuniangalia, akashuka mu bustani.

Nilimukuta amekaa chini mu matope, kando ya ule mustari wake. Zilikuwa zimefunguka, kama makumi tatu. Alikuwa analia na mudomo wazi, bila kuficha uso. Na miye, mupumbavu, nikasema: “Masika, ni maua tu. Ni nguo tu.”

“Njo,” akasema. “Maua tu. Nguo tu. Ni hiyo tu niliomba.” Akajifuta na mukono wenye matope, uso ukachafuka. “Kile bale bengine balichukua, sikuombwa. Hii ilibakia. Hii weye njo ulibapa.”

“Nilifikiri batahurumia.”

“Ulikuwa unaogopa uongo? Uongo ulikuwa wangu, Kambale. Mungu angeniuliza miye.”

Juu kule ku nyumba bamama balikuwa banaanza kupiga vigelegele, mariée anatoka. Masika alingoja mpaka sauti zikaenda mbali. Akasema: “Mardi nitakuja. Weye utasimama wapi?”

“Kando yako.”

“Bon,” akasema. “Tutaona.”

Zile siku tatu tulikula bote batatu chini ya bati bila kusema zaidi ya leta chumvi. Mama Robe alinipa koti ya marehemu bwana wake, nyeusi, mikono mifupi kidogo kwangu. Aliniwekea sahani yangu kama kila siku, na nyama juu. Hilo lilinichoma kuliko kama angenipiga.

Mardi asubuhi nilikuwa wa kwanza ku kanisa. Baridi, ukungu mu mikalitusi. Pasta na bazee walisimama juu ya ngazi pamoja na miye, na bajomba wa Masika wawili, na mashemeji batatu hivi, banasema polepole kama ku matanga. Muzee alinisalimia na mikono miwili tena. Kiisha tukasikia sauti ku barabara, na nikaona Mama Robe anakuja mbele, kichwa juu, na nyuma yake Masika. Alikuwa na robe nyeupe. Mikono mirefu. Voile juu ya uso mpaka kiunoni. Arum zote za ule mustari mu mikono yake, nyingi, zinamufunika kifua. Mama Robe njo alikuwa amemufunga vifungo. Bamama ba soko balikuwa bameacha mabeseni yao, banamufuata, kwanza kimya, kiisha mumoja akapiga kigelegele, na bengine.

Alifika chini ya ngazi, akasimama.

“Hapana!” Mama Shemasi akasema. “Katungu, unafanya nini?”

“Robe iko yangu,” Mama Robe akajibu, na kilima kizima kilimusikia. “Naazimisha mutu ninayemupenda. Maua iko yangu. Njia iko ya Mungu. Weye uko na nini hapa?”

Bajomba baliangalia viatu vyao. Muzee wa kanisa hakupandisha sauti. Alinigeukia na ile huruma yake yote. “Hatutaki fujo ku mulango, Kambale. Weye njo mume, sema weye. Muambie atoe voile, ataitoa, tutaingia na itaisha vizuri. Ao muambie aingie nayo. Mais ukisema hivyo, mutaingia bila siye.”

Batu bote baliniangalia. Voile ya Masika ilikuwa inaingia na kutoka kidogo mbele ya mudomo wake, na pumuzi. Sikuona macho. Alikuwa ananingoja, na alingoja muda murefu. Nafikiri hakuna mutu amewahi kuningoja hivyo.

Nilishuka ngazi. Bamama balinifungulia njia, mumoja akapiga kigelegele, juu balifikiri nakwenda kumushika mukono. Na miye, hatua mbili tatu za kwanza, nilifikiri hivyo. Nilifika mbele yake. Nilisikia harufu ya sabuni na ya arum, ile harufu ya maji. Kiisha nikapita kando yake, nikatoka mu lupango ya kanisa, nikashika njia inayokwenda upande wa ziwa. Hakuna aliyeniita. Hata Mama Robe, na sauti ile. Nilitembea bila kukimbia, kama mutu aliyesahau kitu ku nyumba. Sikugeuka kuona kama aliitoa ao aliingia nayo, na Butembo sijakanyaga tena.

Ku barrière ya mwisho ya muji, askari mumoja aliangalia koti yangu, akaangalia kiua nilichojichomekea asubuhi ku mufuko wa kifua. “Eh, bwana arusi! Bibi iko wapi?”

“Anakuja nyuma,” nikamujibu.

Akacheka, akanyanyua kamba, nikapita.